Mwenye figo ya kupewa, azuie mimba au asizuie?

Baada ya darsa ya akina mama, dada mmoja aliniuliza swali ambalo, nakiri, sikuwa na jibu lake papo hapo. Amepandikizwa figo aliyopewa na kaka yake. Daktari amemwambia asishike mimba kwa muda. Mumewe anasema kuzuia mimba ni kupingana na Qadar ya Allah (SW). Wifi zake nao wanasema hizo ni zile zile njama za kutupunguza Waislamu.

Nianze na hili la njama. Ndugu zangu, silidharau. Kampeni za uzazi wa mpango zimetufikia zikiwa na fedha za wafadhili na hesabu za idadi ya watu. Jopo la Fiqh la OIC, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikataa kutungwa sheria ya jumla ya kuwawekea watu ukomo wa kuzaa. Lakini azimio hilo hilo liliruhusu kuzuia mimba kwa muda pale penye haja inayokubalika kisharia, kwa mashauriano na ridhaa ya wanandoa, ilimradi njia isiwe na madhara wala isiiguse mimba iliyokwisha tunga. Sasa kama haja ya dada huyu si haja, ni ipi basi?

Tuitazame hali yenyewe. Mwanamke ambaye figo zimekufa, mara nyingi hedhi huvurugika au hukatika kabisa. Akipandikizwa, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi ndani ya miezi michache tu, mwenyewe akiwa hana habari. Na miezi hiyo ndiyo ya hatari, kwani mwili bado unaweza kuikataa figo, na dawa za kuuzuia usiikatae hutolewa kwa kipimo kikubwa. Ndiyo maana wataalamu hushauri kusubiri angalau mwaka mmoja, wengine miwili. Tena ipo dawa iitwayo mycophenolate, inayotumiwa na wengi waliopandikizwa, ambayo huharibu mimba na huweza kusababisha mtoto azaliwe na mdomo sungura au masikio yasiyokamilika. Inatakiwa daktari aibadilishe walau wiki 6 kabla ya kutafuta mtoto. Mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake, figo itakwenda.

Ama hoja ya Qadar, Jabir (RA) amepokea kwamba Masahaba walifanya azl wakati Wahyi unashuka, na hawakukatazwa. Imam al-Ghazali, Shafii kama wengi wetu wa mwambao, ameitaja katika Ihya hofu juu ya uhai wa mke wakati wa kuzaa miongoni mwa sababu ambazo hazikatazwi. Huyo alifariki mwaka 1111. Hakuna mfadhili aliyemlipa.

Wapo waume watakaodaka hapo hapo: basi azl inatosha! Azl ni dalili ya ruhusa, si dawa. Katika wanandoa 100 wanaoitegemea kwa mwaka, karibu 20 hupata mimba. Vidonge vyenye estrojeni navyo hupandisha presha na kugandisha damu, na wengi wa wagonjwa hawa tayari wana presha. Sindano ya miezi mitatu hupunguza uimara wa mifupa, na prednisolone anayomeza inafanya vivyo hivyo. Kijiti hakina estrojeni. Kitanzi zamani kiliogopwa kwa sababu kinga ya mwili imeshushwa, lakini leo wataalamu wanakikubali kwa ambaye figo yake imetulia. Anayedhani kitanzi cha shaba kinatoa mimba ajue kwamba kazi yake kubwa ni kuizuia mbegu isilifikie yai.

Kufunga kizazi moja kwa moja ni jambo jingine. Jopo lile lile limelikataza ila kwa dharura, na sioni dharura kwa mwanamke anayeambiwa asubiri tu. Mwaka 1958 huko Marekani, Edith Helm, aliyepewa figo na dada yake pacha, alijifungua. Wengi wamefuata.

Linabaki la mume akikataa. Haki yake ya kupata watoto ipo, lakini wanazuoni wengi wameshurutisha idhini ya mke hata katika azl, kwa kuwa naye ana haki katika mtoto. Sembuse anapohofia mwili wake? Kwa maoni yangu, haki ya mume haifiki kumbebesha mkewe mimba itakayomrudisha kwenye mashine ya kusafisha damu. Na yupo mtu wa tatu ambaye hakuna anayemtaja: kaka aliyelala kwenye meza ya upasuaji akabaki na figo moja. Alichotoa ni amana.

Nilimwambia dada yule aende kliniki na mumewe, na kaka naye awepo. Mume amekubali. Wifi, bado.