Cheo ni Dhamana

Mpira una desturi ya kuwakumbuka wafungaji na kuwasahau walinzi. Mfungaji hubebwa mabegani. Mlinzi aliyezuia hatari tano hapewi hata asante, maana kazi yake ikifanikiwa hakuna kinachoonekana. Ndivyo zilivyo boriti za nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja: mgeni husifu mlango wa nakshi, wala haulizi ni nini kilichoshika dari.

Mmoja wa walinzi hao ni Nadir Haroub Ali, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1982. Wapenzi wa mpira walimwita Cannavaro, kwa jina la nahodha wa Italia aliyeinua Kombe la Dunia mwaka 2006. Kwa zaidi ya miaka kumi alisimama katikati ya ulinzi wa Young Africans ya Dar es Salaam, akawa nahodha wake. Akaiongoza pia timu ya Zanzibar, na timu ya Tanzania, Taifa Stars.

Mapema mwaka 2016 unahodha wa Taifa Stars ulipewa Mbwana Samatta, kijana aliyekuwa ametoka kutunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani humu. Nadir akatangaza kwamba haichezei tena timu ya taifa. Je, aliyevuliwa cheo anawiwa nini, naye anayemvua anawiwa nini?

Wako wasemao: cheo ni dhamana, mwenyewe akiitaka, irudishe, kisha uendelee na kazi. Neno hilo ni kweli. Timu ni ya nchi, si ya mtu, na Samatta alistahili heshima ile. Lakini dhamana ina pande mbili. Ajaye kuchukua amana yake hupiga hodi, husalimu, hushukuru kwa utunzaji. Hainyakui kama aliyeibiwa. Hatumhukumu mtu katika shauri lile. Twasema tu kwamba haki haitimizwi kwa kumpata anayefaa. Yataka pia kumuaga vema aliyetangulia.

Jambo hili halikomei uwanjani. Mwalimu mkuu huondolewa, fundi mzee huwekwa chini ya kijana aliyemfundisha mwenyewe, mama aliyeongoza chama cha akiba huachwa kura zikihesabiwa. Mara ngapi twawapokea wapya kwa shangwe, na wa zamani twawaacha wasikie habari zao njiani?

Nadir hakuuacha mpira. Aliendelea kuilinda Young Africans mpaka mwaka 2018, kisha akawa meneja wa timu hiyo, kazi isiyopigiwa makofi.

Basi, wazazi, wafundisheni watoto mambo mawili pamoja: kuachia cheo bila kinyongo, na kutompokonya mtu cheo bila neno la shukrani. Akifundishwa la kwanza tu, mtoto atakuwa mnyonge; akikosa la pili, siku atakapopewa mamlaka atakuwa mkatili.