Mungu si Athumani

Methali hii huvuma zaidi penye furaha. Kijana aliyehangaika na bahasha ya vyeti miaka mitatu anapigiwa simu aripoti kazini Jumatatu. Mama yake anaweka chini ungo wa mchele, anapiga kigelegele, kisha anasema kwa sauti ya kufika uani kwa jirani: "Mungu si Athumani!" Humo mna shukrani, na kijembe kimo. Anayeshukuriwa yuko mbinguni. Anayesutwa ni mjomba aliyeahidi kumtafutia kijana nafasi, halafu akawa hapokei simu.

Athumani ni jina la Kiislamu, Uthman wa Waarabu aliyekwisha kuvaa msuli wa Kiswahili. Wakristo tumeipokea methali na jina lake, na sijasikia aliyetaka iwe "Mungu si Petro". Huyu Athumani ni binadamu yeyote tunayemtegemea, na tabia zake tunazijua. Ukimpa leo, kesho atakumbuka fadhila. Ukimsifu analainika, ukimkosea ananuna, na watu wa kwao huhudumiwa kabla yako hata kama umewahi foleni.

Tatizo ni kwamba methali tunaitumia upande mmoja. Tukipata, Mungu si Athumani. Tukikosa, tunakwenda kumdai kama Athumani hasa.

Katika jumuiya yetu kuna mama aliyezika mtoto wa darasa la nne. Wiki ya tatu baada ya matanga alikuja kwenye sala, akatoa mkobani kadi yake ya ahadi, imejazwa mwezi kwa mwezi kwa kalamu ya mhazini, akaiweka juu ya mkeka katikati yetu. "Hebu nionyesheni mwezi nilioruka." Mzee mmoja wa kanisa alikohoa, akasema Mungu amempenda mtoto zaidi. Mama alimtazama, akaichukua kadi, akaikunja mara mbili.

Mimi simlaumu. Nani alimfundisha kwamba kadi ile ni hati ya madai? Ni sisi, kwa mahubiri yetu ya kupanda mbegu na kuvuna mara mia. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye mkutano wa maombi, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliokimbia hawakuwa wajinga. Walikuwa wagonjwa, wadaiwa, wazazi wenye watoto migongoni, na wameambiwa baraka iko pale, kwenye yale mafuta.

Biblia ina mtu aliyemwendea Mungu kama Athumani, tena mwenye cheo: Naamani, jemadari wa Shamu, mwenye ukoma. Kusafiri kwake tu kunaonyesha alivyomdhania Mungu. Alibeba talanta 10 za fedha, shekeli 6,000 za dhahabu na mavazi 10. Kwa Athumani hupigi hodi mikono mitupu. Alipofika, nabii Elisha hata mlangoni hakutoka. Alimtuma mtu amwambie akaoge Yordani mara saba. Naamani alifura. Alikuwa amekwisha kuipanga ibada nzima kichwani: nabii atatoka, atasimama, ataliitia jina la Mungu wake, atapunga mkono juu ya kidonda. Isitoshe, kwao Damasko kulikuwa na mito mizuri zaidi. Alinusurika kwa sababu watumishi wake walimbembeleza akashuka majini. Alipopona alirudi na mzigo wake wa dhahabu, na Elisha akakataa kupokea hata kitu kimoja. Kwangu mimi huko kukataa kuna uzito kuliko kupona kwenyewe. Jemadari alirudi kwao mzima, hana risiti.

Mkristo makini ataniuliza: lakini sisi si tunakiri kwamba Mungu alifanyika mtu? Ndiyo, na hapo ndipo methali inapouma zaidi. Alifanyika mtu, akakataa kuwa *mtu wetu*, kwa maana ile ya "nina mtu wangu pale ofisini". Walioshiba mikate walitaka kumfanya mfalme kwa nguvu, akakimbilia mlimani peke yake. Mama wa wana wa Zebedayo alikuja kuwaombea wanawe viti, kulia na kushoto, akaambiwa hajui analoliomba. Wale wawili wa njia ya Emau walikuwa wanatembea na matumaini yaliyokufa, wakimsimulia msafiri mwenzao jinsi walivyomtarajia Yesu aikomboe Israeli, na msafiri huyo ni yeye mwenyewe.

Je, tuache kuomba? Hapana. Gethsemane Yesu aliomba kikombe kimwepuke, akarudia mara tatu, na kikombe hakikumwepuka. Anayemwambia mgonjwa kwamba hajapona kwa uhaba wa imani, aanzie kwanza pale bustanini.

Ila methali igeuzwe pia: Athumani naye si Mungu. Mjamzito akifia njiani kwa sababu gari la wagonjwa halina mafuta, tusisimame makaburini kusema ni mapenzi ya Bwana. Hilo ni la Athumani, na ofisi yake inajulikana.

Yule mama angali anakuja jumuiya. Kadi hakuitoa tena, na wala hatumwulizi. Ukienda kwake, au kwa mwingine aliyepatwa kama yeye, nakuomba usibebe maelezo ya kwa nini. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini mavumbini siku saba bila kusema neno, na siku hizo saba hakuwalalamikia.