Mwanasheria Mkuu ni Mtumishi wa Nani?

Katika mafundisho ya dini swali hili huulizwa mara nyingi: Mtu akiifuata sheria ya nchi barabara, asivunje hata herufi moja, je, aweza bado kuwa na hatia mbele ya Mungu? Wengi hujibu upesi kwamba hawezi. Sheria ni sheria, wasema, na aliyeitii ametimiza wajibu wake. Jibu hilo ni jepesi mno. Ili tulipime vema, na tutazame maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa sheria yenyewe, yaani Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Alifariki tarehe 2 Januari 2022, mwenye umri wa miaka 101. Hukumu ya roho yake i mikononi mwa Mungu. Sisi twatazama matendo yaliyo wazi tu, tupate fundisho.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwanasheria Mkuu ndiye mshauri wa Serikali katika mambo yote ya sheria. Serikali ikitaka kutenda jambo, yeye huulizwa kama laruhusiwa. Miswada ya sheria hutungwa ofisini kwake. Serikali ikishtakiwa, yeye huitetea. Tena katika Kenya ya siku zile, yeye ndiye aliyeamua nani ashtakiwe kortini na nani aachwe, naye alikuwa na kiti Bungeni pasipo kupigiwa kura. Kwetu Kongo kazi hizo zimegawanyika: nyingine ni za waziri wa Sheria, nyingine ni za waendesha mashtaka, wale tunaowaita watu wa parke. Kule zilikusanyika mkononi mwa mtu mmoja, hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipoyatenga mashtaka na kuyapa mkurugenzi wake.

Njonjo alizaliwa tarehe 23 Januari 1920 huko Kabete karibu na Nairobi, mwana wa chifu Josiah Njonjo. Alisoma Budo katika Uganda, kisha Fort Hare katika Afrika Kusini, kisha Uingereza, akawa mwanasheria wakati ambapo Waafrika wenye elimu hiyo walihesabika kwa vidole. Uhuru ulipofika mwaka 1963 akawekwa katika cheo hicho kikubwa, akakaa humo miaka kumi na saba, hata 1980. Alimtumikia Jomo Kenyatta, kisha Daniel arap Moi. Alikuwa mtu nadhifu, mpenda suti za mistari na desturi za Kiingereza, na neno lake lilitetemesha wengi.

Sasa tuyatazame matendo. Mwaka 1966 Oginga Odinga, makamu wa rais, alijitoa katika chama cha KANU pamoja na wabunge kadhaa. Mara ikatungwa sheria kwamba mbunge akikiacha chama kilichomwingiza Bungeni, sharti apoteze kiti na kuomba kura upya. Mwaka huohuo Bunge likaipa Serikali nguvu ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha kortini. Mwaka 1969 Odinga mwenyewe akawekwa kizuizini, na chama chake kipya kikapigwa marufuku. Tena kulikuwa na Paul Ngei, aliyefungwa pamoja na Kenyatta zamani za ukoloni. Korti ilibatilisha uchaguzi wake kwa kosa la kampeni, na sheria ikamzuia kugombea tena kwa muda wa miaka. Katika Desemba 1975 Katiba ikabadilishwa, rais akapewa uwezo wa kusamehe kosa la namna hiyo. Ngei akasamehewa, akarudi Bungeni.

Angalieni vema, ndugu zangu. Hapo hakuna aliyevunja kufuli usiku. Wabunge walipiga kura, rais akatia sahihi, sheria zikachapwa. Yote yalikuwa halali. Lakini twauliza: sheria hizo zilipimwa kwa kimo cha nani? Ya kwanza ilipimwa kwa kimo cha Odinga, ili imbane. Ya mwisho ilipimwa kwa kimo cha Ngei, ili imfae. Fundi wa cherehani hapa sokoni akishona kanzu kwa kipimo cha mtu mmoja, afanya vema, kwa kuwa kanzu ni ya mtu mmoja. Sheria si kanzu. Ni kama mashua ya kuvukia ziwa letu Tanganyika: mbao zake hupimwa kwa ajili ya abiria wote na kwa ajili ya dhoruba, wala si kwa starehe ya yule aliyeketi mbele. Fundi akipunguza ubao ili kumpendeza tajiri mmoja, mashua bado yaitwa mashua. Siku ya mawimbi ndipo itakapojulikana.

Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha kwamba sheria ni agizo la akili, lililowekwa kwa ajili ya manufaa ya wote na mwenye ulinzi wa jamii, kisha likatangazwa. Ikikosa manufaa ya wote, imekosa moyo wake, ingawa ina muhuri na namba. Yafanana na mabavu kuliko sheria. Basi uhalali na haki ni ndugu wawili wapasao kukaa pamoja, lakini si mtu mmoja, na yawezekana mmoja aingie nyumbani na mwingine aachwe nje.

Maandiko Matakatifu yatupa mfano mkali. Someni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Naboti. Yezebeli hakutuma wanyang'anyi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wake. Wazee wa mji wakatangaza mfungo, Naboti akaketishwa mbele ya watu, mashahidi wawili wakaletwa kama sheria ilivyotaka, hukumu ikatolewa. Hakuna hatua hata moja iliyorukwa, na bado ilikuwa mauaji na wizi. Nabii Eliya alipokuja, hakuuliza kama barua zilikuwa na muhuri. Aliulizia damu ya Naboti. Nasi tufikiri kidogo juu ya wale wazee wa mji, ambao majina yao hayakuandikwa. Wao ndio waliojua taratibu. Pasipo wao, tamaa ya mfalme ingalibaki tamaa tu.

Labda mtu atapinga: “Mwanasheria ni kinywa cha aliyemtuma. Wakili humtetea hata mwuaji, wala hatumwiti mwuaji. Kwa nini tumlaumu mwanasheria wa Serikali?” Pingamizi hilo lina nguvu, nalo lastahili jibu. Ni kweli kwamba kumtetea mshtakiwa ni kazi njema, maana hata mwenye hatia ana haki ya kusikilizwa. Lakini kumtetea mtu baada ya tendo ni jambo moja, na kumnolea kisu kabla ya tendo ni jambo jingine. Tena tuulize, ni nani aliyemtuma Mwanasheria Mkuu? Mshahara wake watoka katika kodi ya mvuvi na ya mama muuza mihogo. Rais ni mkubwa wake kazini, lakini rais naye ni mtumishi wa hao. Katiba ya Kenya ya 2010 yasema wazi kwamba Mwanasheria Mkuu apaswa kuulinda utawala wa sheria na kutetea masilahi ya umma. Wajibu huo haukuzaliwa mwaka 2010. Dhamiri iliujua tangu zamani.

Tusiwe wadhalimu, tukisahau mema. Mwaka 1976 wakubwa fulani walizunguka Kenya wakidai Katiba ibadilishwe, ili makamu wa rais, yaani Moi, asishike kiti Kenyatta atakapokufa. Njonjo akawanyamazisha kwa tangazo: akakumbusha kwamba ni kosa, na adhabu yake ni kifo, kuwaza au kupanga kifo cha rais. Watu wengine walisema alimtetea rafiki, wengine kwamba aliitetea Katiba. Nia za moyo azijua Mungu. Ila matunda yalionekana: Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, madaraka yalipita kwa amani, bila damu. Sisi watu wa Kongo twajua thamani ya jambo hilo. Lakini hapa napo tuone shida. Tangazo lile lilinyamazisha mabishano kwa hofu ya kitanzi, nayo Katiba iliyolindwa kwa hofu haijapata bado kupendwa na watu.

Mwaka 1980 Njonjo aliacha ofisi yake, akaingia Bungeni na kuwa waziri. Katika Juni 1982, alipokuwa waziri wa mambo ya Katiba, Kenya ilifanywa kwa sheria nchi ya chama kimoja. Mwaka mmoja baadaye zamu ikamfikia. Rais Moi alisema kuna msaliti anayeandaliwa na watu wa nje, na jina la Njonjo likatajwa Bungeni. Akapoteza uwaziri na kiti chake. Hakushtakiwa kortini, ambako mshtakiwa huachiliwa au huhukumiwa. Iliundwa tume ya majaji watatu chini ya Cecil Miller, ikakaa kusikiliza habari zake hadharani. Taarifa yao ilipotoka mwaka 1984 haikumsafisha. Tarehe 12 Desemba mwaka huohuo rais akamsamehe.

Fikirini juu ya mwisho huo. Mtu aliyejua sheria kuliko wote hakuokolewa na sheria. Aliokolewa na huruma ya mtu mmoja. Katika nchi ambayo sheria imezoea kupinda kwa ajili ya mkubwa, aliyeanguka hana pa kushika ila mkono wa mkubwa. Huruma ni fadhila takatifu, lakini raia hapaswi kuomba kwa huruma kile alicho nacho kwa haki. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wala sisemi hivyo kwa furaha, kwa maana kisima kile kiliwazamisha kwanza watu wengi wasio na jina.

Je, yawezekana kuwa mwanasheria wa mkubwa na kuitunza roho? Yawezekana. Thomas More alikuwa mkuu wa sheria wa mfalme Henri wa Nane wa Uingereza. Alipoona mfalme ataka sheria ishonwe kwa kipimo cha ndoa yake, aliacha cheo mwaka 1532. Mwaka 1535 akakatwa kichwa. Papa Yohane Paulo wa Pili alimfanya mwaka 2000 kuwa msimamizi wa watu wa siasa na serikali.

Mambo haya si ya mbali. Hapa kwetu Léon Kengo wa Dondo alikuwa mwendesha mashtaka mkuu tangu 1968 hata 1980, chini ya Mobutu, kisha akawa waziri mkuu. Ngazi hiyo hupandisha, na kwa hiyo yajaribu. Mwaka 2011 Katiba yetu ilibadilishwa miezi michache kabla ya uchaguzi, duru ya pili ya kura ya rais ikaondolewa. Katika Oktoba 2024, huko Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza nia ya kuitazama Katiba upya. Mimi si mtu wa chama, wala gazeti hili si la chama. Lakini kila Mkristo na aulize swali lilelile: Yapimwa kwa kimo cha nani? Ikiwa jibu ni kwa kimo cha mtoto atakayezaliwa Kalemie miaka hamsini ijayo, na twende. Ikiwa ni kwa kimo cha mtu aliye hai leo, tuogope.

Nanyi msiseme kwamba swali ni la wakubwa peke yao. Karani wa shefu aandikaye ushuhuda wa shamba, polisi aandikaye jina katika daftari ya mahabusu, mzee wa baraza ashikaye muhuri, wote ni wanasheria wa Serikali kwa kadiri yao. Floribert Bwana Chui wa Goma alisomea sheria, akawa mtumishi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa. Mwaka 2007 walimpa fedha aupitishe mchele ulioharibika. Akakataa, wakamwua, akiwa na umri wa miaka 26. Hakuwa na cheo kikubwa. Alikuwa na sahihi tu, akakataa kuiuza, kwa sababu aliwaona wale watakaokula mchele ule. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri.

Basi kila tushikapo kalamu ya Leta, tuwatafute kwa macho ya moyo wale ambao karatasi ile itawaangukia. Hao ndio waliotutuma.