Fimbo Hufundisha Nini?

Ndugu wasomaji, nataka kuuliza swali ambalo wengi wetu hudhani jibu lake lajulikana tangu zamani: tumpigapo mtoto kwa sababu ameshindwa na somo, ajifunza nini? Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwahukumu wengine kabla sijajihukumu nafsi yangu.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipewa darasa la watoto wadogo niwafundishe hesabu. Alikuwako mvulana mmoja aliyeshindwa kabisa na kuzidisha. Nilimwuliza saba mara sita, akakosa; nikampiga fimbo ya mkono. Kesho yake nikamwuliza tena, akakosa tena, nikampiga tena. Yakapita majuma machache, hata ikawa akisikia tu viatu vyangu mlangoni huanza kutetemeka, na kalamu humwanguka. Nikasema moyoni, "Huyu hana akili ya hesabu."

Siku moja ya gulio nilimkuta sokoni ameketi pamoja na mama yake, wakiuza mayai. Hakuniona. Wanunuzi walikuwa wengi, naye ndiye aliyehesabu fedha: mayai saba bei yake hii, aliyetoa noti arudishiwe kiasi hiki. Hakukosa hata mara moja. Kisha akainua macho, akaniona. "Shikamoo, mwalimu," akasema, na papo hapo hesabu zikampotea, hata mama yake akalazimika kuzihesabu upya fedha zilizokuwa mkononi mwake. Nilirudi nyumbani nimejaa aibu. Kumbe hesabu zilikuwamo kichwani mwake. Aliyezifukuza ni mimi.

Tangu siku ile nimejitahidi kusoma juu ya jinsi wanyama na watu wanavyojifunza, nami nataka kuwaeleza machache niliyoyapata, maana yamenisaidia kulielewa kosa langu.

Mtaalamu mmoja wa Urusi, Ivan Pavlov, alionyesha kwamba mbwa akipewa chakula mara nyingi baada ya kusikia mlio fulani, mwishowe hudondokwa na mate kwa mlio ule peke yake, hata kabla hajakiona chakula. Basi wataalamu wengi waliomfuata walidhani kwamba jambo lo lote laweza kufungwa pamoja na jambo lo lote katika kichwa cha mnyama, kama mtu afungavyo mzigo wa kuni kwa kamba. Kinachotakiwa ni kurudia tu.

Lakini mwaka 1966 wataalamu wawili wa Marekani, John Garcia na Robert Koelling, walitoa habari za panya zilizoipinga dhana hiyo. Waliwapa panya maji yenye ladha, na kila panya alipoyaramba, taa ikawaka na mlio ukasikika. Kisha baadhi yao wakatiwa ugonjwa, na wengine wakaumizwa miguu kwa umeme. Baadaye walijaribiwa kwa kila jambo mbali. Wale waliougua waliikataa ladha, walakini taa na mlio havikuwatisha. Wale walioumizwa miguu waliogopa taa na mlio, walakini ile ladha waliinywa bila wasiwasi. Panya wote walikuwa wameonja, wameona na kusikia yale yale. Lakini kila maumivu yalitafuta mwenzake. Ugonjwa ulishikamana na kilichopita kinywani. Maumivu ya ngozi yalishikamana na kilichoonekana na kusikika.

Tukifikiri tutaona kwamba jambo hili lina maana. Sumu humwingia panya kwa kinywa, lakini paka humjia kwa umbo na kishindo. Kila mwenye ghala ajua kwamba panya aliyeonja sumu kidogo akapona hakigusi tena chakula kile. Mwili wake umeumbwa tayari kujifunza hivyo. Kwa hiyo tusiseme kwamba kichwa cha kiumbe ni ubao mtupu ambao mwalimu huandika apendavyo. Ni afadhali tuseme ni shamba lenye udongo wake, liotalo mbegu hii upesi na ile kwa shida.

Katika mwaka 1961 mume na mke wa Marekani, Keller na Marian Breland, ambao kazi yao ilikuwa kufundisha wanyama, waliandika jambo linalofanana na hilo. Walimfundisha nguruwe kuchukua sarafu kubwa za mti na kuzitia katika kisanduku ili apewe chakula. Mwanzoni alifanya vizuri. Baada ya majuma machache alianza kuiangusha sarafu njiani, akaifukua kwa pua, akairusha juu, akaifukua tena, ingawa njaa ilimwuma na chakula kilikuwa mbele yake. Asili ya pua yake ilikuwa imeyashinda mafundisho. Kila afugaye nguruwe atacheka, kwa kuwa amjua.

Walakini isidhaniwe kwamba kiumbe ni mwili tu. Mtaalamu Wolfgang Köhler, aliyewachunguza sokwe katika kisiwa cha Tenerife tangu mwaka 1913, aeleza habari za sokwe mmoja aitwaye Sultan. Tunda liliwekwa nje ya kizimba, naye alikuwa na vijiti viwili, kila kimoja kifupi mno. Alihangaika muda mrefu asifaulu, akaacha. Kisha, alipokuwa ameketi akichezea vijiti vyake, kimoja kikaingia katika tundu la kingine, akapata kijiti kirefu. Mara akakimbia akalivuta tunda. Angalieni, ndugu zangu: hakuipata njia katika mahangaiko yake, bali alipotulia.

Na huko Gombe, karibu na Kigoma, ambako Jane Goodall alianza kazi yake mwaka 1960, sokwe huchomeka vijiti katika vichuguu na kuvitoa vimejaa mchwa, wakala. Waliochunguza baadaye waliona kwamba watoto wa kike walimtazama mama yao zaidi, wakaijua kazi hiyo yapata miaka miwili kabla ya ndugu zao wa kiume, waliopenda zaidi mchezo. Mtoto alitazama, akajaribu, akakosa, akatazama tena. Kukosa kwake kulikuwa sehemu ya kujifunza, wala hakukuwa hatia.

Sasa narudi kwa mvulana wangu. Sisemi mtoto ni panya. Mtoto aweza kuuliza kwa nini amepigwa, na kulielewa jibu. Lakini naye ana ngozi, macho na masikio. Ngozi yake ilipouma, mwili wake ulitafuta palikuwa na nini wakati ule: uso wangu, sauti yangu, kishindo cha viatu vyangu. Saba mara sita haina uso wala kishindo. Wahenga walisema, aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilikuwa nyoka, na kila kilicho changu kikawa unyasi. Hata ile akili yake ya kufikiri haikulala. Ilitafuta njia ya kuokoka. Nilikuja kutambua kwamba alikuwa akinakili majibu ya jirani yake. Basi nilikusudia kumfundisha hesabu, nikamfundisha hofu, na hofu ikamfundisha udanganyifu.

Nilipomweleza jambo hili mzee mmoja jirani yangu, alitikisa kichwa. "Mwalimu," alisema, "sisi tulichapwa, na kusoma tukajua. Na Maandiko yanaitaja fimbo."

Nikamjibu, "Ni kweli, Mzee wangu, lakini Maandiko hayo hayo yawaonya baba wasiivunje mioyo ya watoto wao. Hebu niambie, mipini hii ya majembe uichongayo vizuri hivi, nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Alikupiga?"

"Alinipiga siku nilipowaacha mbuzi wakala mtama wa watu."

"Na katika kuchonga mipini?"

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Mipini alinionyesha. Niliharibu miti mingi, naye akanipa mwingine."

Naona mzee yule alisema yote. Kuna uzembe na utundu, na adhabu yake wazazi waweza kushauriana. Hilo silo swali langu leo. Lakini kutojua si utundu. Hofu yaweza kuuzuia mkono usifanye jambo, tena mara nyingi wakati mwenye fimbo yupo tu, kama mbuzi afukuzwaye shambani, ambaye hurudi mwenye shamba akienda zake. Kutia maarifa kichwani ni kazi nyingine. Maarifa yataka macho yanayotazama bila woga, mikono inayojaribu, na mwalimu atoaye mti mwingine ule wa kwanza ukiharibika.

Basi nilimwita mvulana yule, nikamwomba radhi. Niliogopa kwamba kwa kufanya hivyo nitapoteza heshima yangu darasani, sikuipoteza. Nikaleta maharagwe, tukayapanga mezani safu sita, kila safu saba, akayahesabu kwa kidole chake mwenyewe. Hesabu alizionyesha upesi, maana alikuwa nazo. Lakini mshtuko haukumtoka upesi. Hofu niliyoipanda kwa majuma machache ilichukua karibu mwaka mzima kupungua, na hata sasa sina hakika kama imekwisha kabisa, maana ni kijana mkubwa, na tukikutana njiani husimama wima mno.

Kwa hiyo, ndugu mzazi nawe mwalimu mwenzangu, mtoto akikosa somo jioni ya leo, kabla hujainua mkono ujiulize: wakati huu anaona nini, anasikia nini? Hilo ndilo atakalojifunza.