Kupunguza Vyombo, Kupunguza Tamaa

Wapiga gitaa wenzangu hapa Geita wanauza pedali zao. Eti sauti safi haitaki makorokoro. Mimi pia nimebaki na gitaa, waya na amplifaya tu. Lakini jamani, huu ni unyenyekevu, au tamaa ileile imebadili nguo?

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, mji wa migodi Kongo: gitaa moja lisilo la umeme, na vidole. Utajiri wote ule ulitoka mkononi.

Wachimbaji wetu nao wanajua kuondoa tu hakutoshi: mchanga uliokwisha kuoshwa, yaani marudio, huuzwa tena, maana dhahabu bado imo. Anayejisifia vyombo alivyoacha bado anahesabu vyombo. Mkono wake haujaanza kazi.