Anayefika wa Mwisho Naye Apumzike

Mlimani, nani apange mwendo wa kundi? Swali hili linaonekana dogo, lakini kila mara washarika, vijana na wazee, tunapopanda mlima pamoja, hutudai jibu. Mwenye nguvu anataka kuwahi kileleni. Mnyonge anaona haya kuwa mzigo kwa wenzake. Na wote ni ndugu katika Kristo.

Pale Iringa, jiwe la Gangilonga hupandwa kwa dakika chache. Bibi na mjukuu hufika juu pamoja, na upendo haujaribiwi sana. Lakini Loleza, mlima unaosimama juu ya jiji la Mbeya, una kimo cha mita 2,656. Njia ni ya saa kadhaa, mwinuko ni mkali, hewa ni nyepesi, na ukungu unaweza kushuka ghafla. Baada ya saa moja kundi limekwisha kukatika: vijana wako mbele wanaimba, katikati ni akina mama wa kwaya, na nyuma kabisa mzee mmoja ameshika magoti.

Walio mbele si watu wabaya. Huketi juu ya mawe, hunywa maji, hula ndizi, wakimngoja mzee. Naye anapofika akihema, wao huinuka, hujipangusa nguo na kusema, “Haya, mzee wetu amefika, twendeni.” Tulitazame jambo hilo vizuri. Vijana wamepumzika robo saa. Mzee hakupumzika hata dakika moja. Aliyehitaji pumziko kuliko wote ndiye pekee aliyelikosa, na kila kituo humwongezea uchovu. Walingoja afike, hawakungoja apumzike.

Jambo hilohilo hutokea sharikani. Mjane huongezewa muda wa kumaliza ahadi yake ya jengo. Jumapili anayoimaliza, ahadi mpya inatangazwa. Mtoto wa kipaimara asiyesoma vizuri husubiriwa azikariri Amri Kumi. Akizimaliza, wenzake wamekwisha kuingia kwenye Sala ya Bwana.

Katika Mwanzo 33, Esau alimtaka Yakobo wasafiri pamoja. Esau alikuwa na watu 400. Yakobo alimjibu kwamba watoto ni wadogo na wanyama wananyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, watakufa. Akachagua kwenda polepole, kwa mwendo wao. Na katika Hesabu 12, Miriamu alipotengwa nje ya kambi siku 7, taifa zima halikusafiri mpaka aliporudishwa. Kuchelewa kule kulitokana na kosa lake mwenyewe, hata hivyo alingojwa.

Mtu atauliza: je, na saa? Ni swali la haki. Mwezi wa Juni jua huzama Mbeya karibu saa kumi na mbili na nusu, na kushuka gizani ni hatari kwa wote. Upendo usio na akili unaweza kulilaza kundi zima porini kwenye baridi. Basi kuna siku ambapo wengine wataendelea na wengine watarudi. Lakini mzee asiachwe peke yake kwa sababu tu amesema, “Nendeni tu, wanangu.” Mara nyingi maneno hayo hutoka katika haya, wala si ruhusa. Mwenye nguvu mmoja abaki naye.

Huyo atakikosa kilele, na hiyo ni hasara ya kweli. Ataiweza kwa nini? Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba aliyepewa vyote bure katika Kristo yuko huru kabisa, na kwa uhuru huo anakuwa mtumishi wa jirani yake. Thamani ya kijana yule mbele za Mungu haikuwekwa kileleni. Ndiyo maana anaweza kuketi na mzee bila kinyongo.

Basi tunapopanga safari, anayekwenda polepole atembee karibu na mbele, na dakika za kupumzika zianze kuhesabiwa yeye anapoketi. Tukirudi usharikani tuhesabu vivyo hivyo, kwa mjane na kwa mtoto wa kipaimara. Bwana atujalie kungojana.