Ahadi za Kazi Wakati wa Matibabu

JUMATANO

Soma Zaburi 15:4 na Yakobo 4:13–15. Je, mtu anayepunguza kazi kwa sababu ya matibabu anavunja ahadi yake?

Daudi anamsifu mtu anayeshika neno lake hata likimletea hasara. Kwa mgonjwa, fungu hili linaweza kuwa mzigo. Mwalimu ameanza dawa za saratani, naye alikwisha kukubali darasa la mtihani. Mhasibu anasafishwa damu mara tatu kwa juma, karibu saa nne kila mara, na hesabu za mwisho wa mwezi zinamsubiri. Mzee wa kanisa ametoka kupasuliwa, na mahubiri ya hadhara yamekaribia. Kila mmoja anajiuliza: “Nikisema siwezi, nitakuwa mwongo?”

Yakobo anatusaidia kujibu. Hawakemei wafanyabiashara kwa sababu wamepanga safari na faida, bali kwa sababu wamepanga kana kwamba kesho ni mali yao. Basi kila ahadi ya mwanadamu ina sharti ndani yake, hata tusipolitamka: Bwana akipenda, nasi tukiwa hai. Zaburi inamhusu mtu mwenye uwezo wa kutimiza neno lake, ila anatamani kurudi nyuma kwa kuogopa hasara. Aliyezuiwa na ugonjwa amefikia mpaka uliokuwamo katika ahadi yake tangu siku ya kwanza.

Soma 2 Wakorintho 1:15–24. Paulo alifanya nini alipobadili mpango wake?

Sababu ya Paulo haikuwa ugonjwa, lakini alidhaniwa kuwa kigeugeu. Hakunyamaza, bali aliwaeleza Wakorintho kwa nini hakuja. Vivyo hivyo, nguvu za mgonjwa zikipungua, deni la ukweli linabaki. Si lazima aeleze kila jambo la mwili wake, lakini wanaomtegemea wanahitaji kujua mapema kazi ipi ataifanya, ipi ataikabidhi, na kwa nani.

Hapa ushauri wa daktari ni sehemu ya uaminifu. Dawa nyingi za saratani hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya majuma mawili au matatu. Katikati ya mzunguko chembechembe nyeupe za damu zinaweza kushuka, na darasa lililojaa watoto wenye mafua likawa hatari. Mwalimu akizijua siku hizo, anaweza kumwambia mkuu wa shule: “Juma hili nitasahihisha madaftari nyumbani, juma lijalo, nikiwa na nguvu, nitaingia darasani.” Ahadi hiyo ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini ni ya kweli.

Soma Hesabu 8:23–26 na Wafilipi 2:25–30. Mlawi aliyefikia miaka 50 aliacha kazi nzito, lakini aliendelea kuwasaidia ndugu zake hemani. Mzigo ulipungua, nafasi yake haikufutwa. Epafrodito naye, aliyeugua karibu ya kufa katika kazi ya Kristo, Paulo alimrudisha nyumbani na kuagiza apokewe kwa furaha na heshima.

Agizo hilo linalihusu kanisa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lakini mama anayeuza mboga sokoni hana mwajiri wa kumlipa akiwa kitandani. Tukimwambia, “Pumzika, dada, Mungu atatenda,” bila kuuliza watoto watakula nini, tumesema yale ambayo Yakobo 2:15–16 inayakemea. Mapumziko yake yana gharama, na asipokuwapo wa kuibeba pamoja naye, atarudi sokoni kabla ya wakati.

Kwa Majadiliano: Je, katika darasa lenu yuko mgonjwa anayeendelea na kazi au huduma kwa kuogopa kuonekana amelegea? Ni sehemu gani ya mzigo wake mnayoweza kuibeba juma hili, na nani atakwenda kumwuliza?